Haiti: Nani Anakusanya Ushuru?

Tarehe 25 Juni 2024, vijana wa Nairobi walipokuwa wakiingia bungeni kwa hasira ya Mswada wa Fedha, ndege iliyobeba kundi la kwanza la polisi wa Kenya ilitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Wengi wetu tulizisoma kama habari mbili tofauti: huku kodi, kule magenge. Mimi naziona ni habari moja. Kenya wananchi walikuwa wakibishana na serikali juu ya kodi ambayo serikali inaweza kuikusanya, wakitaka kujua inakwenda wapi. Haiti polisi hao walikuwa wanaingia katika nchi ambayo serikali yake haiwezi kukusanya kodi ya maana, na ambayo kwa sehemu kubwa ya historia yake haikuachiwa nafasi ya kufanya hivyo.

Tangu siku ile tumesoma mengi juu ya bunduki, utekaji na vitongoji vilivyochomwa moto. Ni kweli yote, na wanaoteseka ni watu wa kawaida. Lakini anayeianza habari ya Haiti kwenye bunduki anaianzia mwisho. Habari hii huanzia forodhani.

Mapato ya kodi ya Haiti hayafikii hata asilimia 10 ya pato la taifa. Tanzania na Kenya, ambazo kila mwaka wataalamu wanazilaumu kwa kukusanya kidogo, zimevuka kiwango hicho zamani. Tena sehemu kubwa ya hicho kidogo cha Haiti hutoka bandarini na mipakani, si kwenye mishahara wala faida za makampuni, kwa sababu watu wengi hawana ajira rasmi na matajiri wengi wana misamaha. Kwa hiyo swali la nani anashika forodha Haiti ndilo swali la nani anatawala. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1825, ikawa hivyo mwaka 1915, na ndivyo ilivyo leo.

Ufaransa ilipokuwa ikiiita nchi hiyo Saint-Domingue, koloni hilo dogo lilikuwa likitoa sukari na kahawa nyingi kuliko koloni jingine lolote la Karibiani. Karibu nusu ya kahawa ya dunia ilitoka hapo mwishoni mwa karne ya 18. Kazi yote hiyo ilifanywa na watumwa, wengi wao waliozaliwa Afrika, na sehemu kubwa ya hao wa mwisho walisafirishwa kutoka pwani ya Kongo na Angola. Agosti 1791 waliasi. Baada ya miaka 12 ya vita, chini ya Toussaint Louverture na kisha Jean-Jacques Dessalines, jeshi la Napoleon lilishindwa Vertières, na tarehe 1 Januari 1804 uhuru ukatangazwa mjini Gonaïves. Hakuna taifa jingine lililozaliwa na watumwa walioshinda vita.

Habari hiyo inajulikana, na ni haki kuisherehekea. Inayosimuliwa kidogo ni ya miaka 21 baadaye. Julai 1825 manowari za Ufaransa zilitia nanga mbele ya Port-au-Prince zikiwa na mizinga takriban 500. Mjumbe wa Mfalme Charles wa Kumi alishuka na hati. Ufaransa ingeutambua uhuru wa Haiti kwa masharti mawili. Sharti la kwanza ndilo linalotajwa kila mahali: Haiti ilipe faranga milioni 150, kwa awamu tano, kuwafidia wakoloni waliopoteza mashamba na watu waliowamiliki. Sharti la pili mara nyingi linasahaulika, nami naona lina uzito uleule. Meli za Ufaransa zingetozwa nusu tu ya ushuru uliotozwa meli za mataifa mengine, zikiingia na zikitoka.

Tafakari maana yake. Serikali inatwishwa deni kubwa kuliko mapato yake ya mwaka mara kadhaa, na papo hapo inakatwa nusu ya ushuru kwa bidhaa za huyohuyo mdai. Rais Jean-Pierre Boyer alitia saini. Ili kulipa awamu ya kwanza ya milioni 30, Haiti ilikopa kwa mabenki ya Paris, na mabenki hayo yakabakiza milioni 6 kama ada kabla pesa haijatoka mlangoni. Nchi ikalipa riba juu ya pesa ambayo haikuiona. Mwaka 1838 fidia ilipunguzwa hadi jumla ya milioni 90, lakini mikopo ya kulipia fidia ilizaa mikopo mingine, na dhamana yake ilikuwa ileile: ushuru wa forodha, hasa ushuru wa kahawa inayouzwa nje.

Maana yake, aliyelipa deni hilo ni mkulima wa kahawa wa milimani, mjukuu wa mtumwa, na kila gunia aliloliteremsha bandarini lilikatwa. Mwaka 1880 Benki ya Taifa ya Haiti ilipoanzishwa, ilikuwa mali ya benki ya Kifaransa, Crédit Industriel et Commercial, na uongozi wake ulikaa Paris. Kufikia mwaka 1911, katika kila dola 3 zilizotokana na ushuru wa kahawa, dola 2.53 zilikwenda kulipa madeni ya wawekezaji wa Ufaransa. Senti zilizobaki ndizo zilizotakiwa kujenga shule, barabara na hospitali za nchi nzima.

Kisha wakaja Wamarekani, nao walikwenda moja kwa moja kwenye hazina. Desemba 1914 wanajeshi wa majini wa Marekani waliingia katika benki hiyo, wakachukua dhahabu ya thamani ya dola 500,000 na kuipakia kwenye manowari Machias hadi New York. Julai mwaka uliofuata waliivamia nchi yote. Mkataba walioulazimisha uliweka forodha chini ya maofisa waliopendekezwa na Washington. Wanajeshi waliondoka Agosti 1934. Usimamizi wa fedha haukuondoka nao. Uliendelea hadi mwaka 1947.

Kuna watu, wakiwemo Wahaiti, wanaochoshwa na historia hii. Wanauliza: mpaka lini tutawalaumu wafalme waliokwisha kuoza? Swali hilo lina haki yake. Tabaka la juu la Haiti lina hesabu yake ya kutoa. Boyer mwenyewe, mwaka 1826, alitunga sheria ya vijijini iliyowafunga wakulima kwenye ardhi wazalishe kwa lazima, wakati wafanyabiashara wa bandarini wakineemeka. Utawala wa Duvalier, baba na mwana, kuanzia 1957 hadi 1986, uliiba na kuua, ukawafukuza wasomi wa nchi. Baadhi yao waliishia Kongo miaka ya 1960, wakifundisha katika shule zilizoachwa bila walimu baada ya uhuru. Wapo Wakongo wa makamo ya juu waliofundishwa hesabu na Kifaransa na Mhaiti. Na juzi tu, fedha za mafuta ya mkopo nafuu kutoka Venezuela, mpango wa Petrocaribe, zilitafunwa kiasi kwamba mwaka 2018 vijana walijaa barabarani wakiuliza ziko wapi. Sitaki kumsafisha mtu. Lakini viongozi wezi wapo kila mahali. Kinachoitofautisha Haiti ni kwamba hata kiongozi mwaminifu angekuta mlango wa mapato umeshikwa na mtu mwingine.

Na kushika forodha si kukusanya tu. Ni pia kupanga kiwango. Hapa ndipo habari ya mchele inapoingia, nami nitaikalia kidogo kwa sababu ndiyo inayoeleza Haiti ya leo kuliko kitu kingine chochote.

Bonde la Artibonite, kaskazini mwa mji mkuu, ndilo ghala la mpunga la Haiti. Mto ni mkubwa, ardhi ni tambarare, na tangu bwawa la Péligre lilipokamilika miaka ya 1950 kuna mifereji ya umwagiliaji. Hadi miaka ya 1980 nchi ilikuwa ikilima sehemu kubwa sana ya mchele iliokula. Baada ya Duvalier kuanguka, serikali za mpito zilianza kufungua soko. Pigo lenyewe lilikuja katikati ya miaka ya 1990. Rais Jean-Bertrand Aristide, aliyepinduliwa mwaka 1991, alirudishwa madarakani na Marekani mwaka 1994, na katika kifurushi cha masharti ya wakopeshaji lilikuwamo hili: ushuru wa mchele ukashushwa hadi asilimia 3.

Asilimia 3. Jirani zake wa Jumuiya ya Karibiani, CARICOM, wanatoza asilimia 25. Kwetu, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni asilimia 75, na Kenya, ambayo haijitoshelezi, imeruhusiwa kutoza 35. Mkulima wa Kyela, Kilombero au Mwea analalamikia mbegu, mbolea na madalali, na ana haki, lakini kati yake na mchele wa Pakistani au Vietnam kuna ukuta. Ukiuondoa ukuta huo kwa siku moja utajua skimu ngapi za umwagiliaji zitakuwa hai baada ya miaka 10. Mkulima wa Artibonite aliondolewa ukuta na kushindanishwa na mchele wa Arkansas unaopewa ruzuku na serikali tajiri kuliko zote duniani. Wahaiti wakauita mchele huo "diri Miami". Leo asilimia 80 hivi ya mchele unaoliwa Haiti unatoka nje, mwingi Marekani.

Machi 2010, wiki chache baada ya tetemeko la ardhi lililoiangamiza Port-au-Prince, Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani ushuru ule uliposhushwa, alikaa mbele ya kamati ya Seneti ya nchi yake akakiri kwamba sera ile ilikuwa kosa: huenda iliwafaa wakulima wa jimbo lake la Arkansas, lakini iliiondolea Haiti uwezo wa kujilisha, na yeye Clinton ndiye anayelazimika kuishi na matokeo hayo. Ni nadra kiongozi mkubwa kusema hivyo. Ushuru haukurudishwa.

Vijana waliokimbia mashamba walikwenda wapi? Wengi walishuka mjini, Cité Soleil, Martissant na vitongoji vya mabondeni visivyo na maji wala kazi. Waliambiwa kuna viwanda vya nguo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2006 iitwayo HOPE, na iliyofuata mwaka 2010 iitwayo HELP, ziliruhusu nguo zilizoshonwa Haiti kuingia soko la Marekani bila ushuru, hata kitambaa kikitoka Asia. Ajira zilipatikana, makumi ya maelfu, wengi wao wanawake. Kaskazini, Caracol, mamia ya familia ziliondolewa kwenye mashamba yenye rutuba ili kujenga eneo la viwanda lililofunguliwa Oktoba 2012 kwa ahadi ya kazi 65,000. Idadi hiyo haikukaribiwa hata kidogo. Mapema mwaka 2022 washonaji waliandamana wakidai gourde (sarafu ya Haiti) 1,500 kwa siku; serikali iliwapa 685.

Sisemi viwanda vile ni vibaya. Mama anayelisha watoto wanne kwa cherehani ya Caracol hana muda wa kusikia nadharia zangu. Nasema biashara ya namna hiyo ufunguo wake unakaa Washington, na Waafrika Mashariki tunaujua mlango huo. Jumuiya yetu ilipotaka kupiga marufuku mitumba, Marekani ilitishia kutuondolea AGOA, sheria yake inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru; wengine tukarudi nyuma, Rwanda ikakataa, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Haiti nayo imejaa mitumba, wanaiita "pèpè". HOPE, HELP na AGOA zote zilifikia ukomo wake usiku mmoja, 30 Septemba 2025, Bunge la Marekani likiwa halijaziongeza muda. Siku hiyohiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio lililoandaliwa na Marekani pamoja na Panama, liliidhinisha kikosi kipya cha askari hadi 5,500 cha kupambana na magenge Haiti. Hata sheria hizo zikiongezwa muda mara ngapi, mwenye kiwanda hawezi kupanga miaka 10 mbele kwa ruhusa ya kubahatisha, na askari 5,500 hawawezi kumshonea mtu shati.

Sasa turudi barabarani, maana hapo ndipo magenge yanapoonekana kwa sura yao halisi. Chukua gunia la mchele wa Artibonite. Linanunuliwa sokoni Pont-Sondé na mmoja wa wale wanawake wachuuzi ambao Wahaiti huwaita Madan Sara, wanaolisha nchi kwa miguu yao na mikopo midogo. Analipakia kwenye lori kuelekea mji mkuu kwa Barabara Kuu Namba 1: Saint-Marc, Arcahaie, Cabaret, kisha Canaan. Wenye silaha wameweka vizuizi njiani, na kila kizuizi kina bei yake. Gunia la Arkansas linaingia kwa meli, linalipiwa asilimia 3, na likitoka bandarini, hata nalo likitozwa na magenge, tayari limeshafika mjini. La Artibonite linatozwa njia nzima. Genge limekuwa forodha ya ndani, nalo linamlinda mgeni dhidi ya mwenyeji bila kujua.

Tarehe 3 Oktoba 2024 genge la Gran Grif lilivamia Pont-Sondé na kuua watu zaidi ya 70. Idadi ilizidi kupanda siku zilizofuata. Wakazi walikuwa wameanza kujilinda na kulizuia genge lisitoze ushuru barabarani. Waliuawa kwa sababu ya ushuru. Na Februari 2025 askari wa kwanza wa Kenya kuuawa kwa risasi Haiti alianguka katika jimbo hilohilo la Artibonite, kwenye operesheni dhidi ya magenge. Familia yake inastahili kuambiwa kwamba alikufa katikati ya mashamba ya mpunga ya nchi iliyozuiwa kuyalinda kwa ushuru wake yenyewe.

Magenge yenyewe yanajua vizuri kuliko wanadiplomasia kwamba bandari ndiyo nchi. Septemba 2022, serikali ilipopandisha bei ya mafuta, muungano wa magenge wa G9 uliziba ghala la mafuta la Varreux kwa wiki kadhaa, na nchi ikasimama: hospitali zikakosa umeme, maji yakakosa pampu. Machi 2024 Waziri Mkuu Ariel Henry alipokuwa Nairobi kutia saini mkataba wa kuleta polisi wa Kenya, magenge yaliushambulia uwanja wa ndege, naye akashindwa kurudi nyumbani hadi akakubali kujiuzulu. Silaha wanazotumia hazitengenezwi Haiti. Nyingi zinanunuliwa Marekani, hasa Florida, na kuingia kwenye makontena na mipaka isiyokaguliwa. Wapo wenye suti wanaonufaika na kutokaguliwa huko. Mwishoni mwa mwaka 2022 Kanada iliwawekea vikwazo wanasiasa na wafanyabiashara wakubwa wa Haiti kwa kuyasaidia magenge.

Upande wa nchi kavu hali ni ileile. Jamhuri ya Dominika inaiuzia Haiti bidhaa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote isipokuwa Marekani, na nyingi zimekuwa zikipita bila kulipiwa. Mwaka 2015 serikali ya Haiti ilijaribu kitu cha maana: iliagiza aina 23 za bidhaa za Dominika, unga, saruji na nyinginezo, zisipite tena kwa malori bali ziingie kwa bandari na viwanja vya ndege ambako zingehesabiwa. Kelele zilikuwa kubwa, na magendo yaliendelea. Septemba 2023 zamu ikawa ya upande wa pili: Rais Luis Abinader alifunga mpaka wote kwa sababu wakulima wa Ouanaminthe walikuwa wanachimba mfereji kutoka mto Massacre. Wahaiti waliendelea kuchimba kwa michango yao, kwa majembe, wakiimba. Ninapokosa matumaini juu ya nchi hii huukumbuka mfereji ule.

Nani basi wa kufanya maamuzi? Kwa katiba ya 1987, rais anachaguliwa kwa miaka mitano, waziri mkuu anathibitishwa na bunge, na bunge lina seneti na baraza la wawakilishi. Kwa vitendo, uchaguzi wa mwisho wa kitaifa ulikuwa mwaka 2016. Rais Jovenel Moïse aliuawa nyumbani kwake tarehe 7 Julai 2021. Januari 2023 maseneta kumi wa mwisho walimaliza muda wao, na tangu hapo nchi haikuwa na hata mtu mmoja wa ngazi ya taifa aliyepigiwa kura. Aprili 2024 likaapishwa baraza la mpito la watu tisa.

Msimamo wangu ni huu. Kikosi chochote kitakachokwenda Haiti kipimwe kwanza kwa forodha: bandari ya mji mkuu, vituo rasmi vya mpaka wa Dominika na Barabara Namba 1 vikiwa mikononi mwa Wahaiti wanaolipwa mshahara na kukaguliwa hadharani. Marekani ikague makontena yanayotoka Miami kabla hayajapakiwa. Ina mashine, ina watu, na haihitaji azimio la Umoja wa Mataifa kufanya hivyo.

Ushuru wa mchele ni mgumu zaidi, na sitaki kuurahisisha. Watu milioni 5.7, karibu nusu ya nchi, walihesabiwa mwaka 2025 kuwa katika njaa kali. Ukipandisha bei ya mchele kesho, unamwua unayetaka kumsaidia. Kwa hiyo upande taratibu, msimu kwa msimu, mifereji ya Artibonite ikizibuliwa na barabara ikifunguliwa, na msaada wa chakula ununuliwe kwanza kwa wakulima wa bonde lile. Lakini haki ya kuupandisha irudi Haiti, kwa maandishi, na wakopeshaji waache kuigeuza kuwa sharti.

Kisha iko Ufaransa. Mwaka 2003 Aristide alidai irejeshe zaidi ya dola bilioni 21; akachekwa, na Februari 2004 akaondolewa madarakani. Tarehe 17 Aprili 2025, miaka 200 kamili tangu ile hati ya Charles, Rais Emmanuel Macron aliunda tume ya wanahistoria wa nchi hizo mbili. Wanahistoria ni watu wa heshima, ila risiti za deni hili zipo Paris na zimekwisha kusomwa. Kinachosubiriwa ni pesa.

Kenya ina sauti hapa ambayo haikuwa nayo zamani. Imepeleka vijana wake, imezika baadhi yao, na inaketi na Washington kujadili AGOA pamoja na biashara yake yenyewe. Katika mazungumzo hayo hayo inaweza kuuliza kwa nini nchi iliyoombwa kupeleka polisi haijaulizwa maoni yake juu ya mchele wa asilimia 3.